Kihamba cha kahawa Kibosho: nibaki na N39, niweke chotara, au nitafute SL28?

Mrithi wa Kihamba: Ndugu zangu wakulima, habari za shughuli. Marehemu baba ameniachia kihamba, yaani shamba la ukoo, huku Kibosho, Kilimanjaro, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, chenye mibuni mia nne hivi katikati ya migomba. Mingi ni ya aina ya zamani iitwayo N39, na michache ya pembezoni ni ya aina nyingine ya zamani, KP423, ambayo mzee aliipanda kabla sijazaliwa. Kahawa yake ni nzuri, lakini ugonjwa wa chulebuni unanimaliza: msimu uliopita, masika yalipochelewa kukatika, karibu nusu ya matunda machanga yalioza mtini ingawa nilipiga dawa ya kopa mara sita. Ofisa ugani ananishauri niweke miche chotara ya TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania), ilhali rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi Nyeri, Kenya, anasisitiza aina ya SL28 kwa kuwa wanunuzi wa nje huiulizia kwa jina. Naomba ushauri wa waliozilima aina hizi, maana mbuni nitakaoupanda leo nitakaa nao miongo kadhaa.

Mwenyeji wa Othaya: Pole kwa kufiwa na mzee. Mimi huku Kenya nina aina tatu, SL28, Ruiru 11 na Batian, katika shamba moja. SL28 ilichaguliwa katika maabara za Scott, Kabete, miaka ya 1930, kutokana na mibuni ya Tanganyika iliyoonekana kustahimili ukame, kwa hiyo asili yake ni kwenu. Punje zake ni kubwa, na uchachu wake unaofanana na wa matunda umechangia sana kuipa kahawa ya Kenya jina. Lakini haina kinga ya chulebuni wala ya kutu ya majani, na ukiipanda kwenye ubaridi na unyevu unaoueleza utaendelea kununua dawa ileile unayotaka kuikimbia.

Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ni fupi na ina kinga. Hekta moja hubeba miche 2,500, wakati SL28 kwa nafasi yake ya kawaida ni 1,330 hivi. Kasoro yake ni kwamba ni chotara, na mbegu utakazookota chini ya mti hazitafanana na mama. Batian ya mwaka 2010 ndiyo niliyoipenda zaidi: ni ndefu kama SL28, ina damu yake, huanza kuzaa mwaka wa pili, na mbegu zake hurithi sifa za mama. Tafadhali usivushe miche mpakani kienyeji, kwa sababu unaweza kuingiza ugonjwa kihambani mwako na kwa majirani.

Bwana Shamba Mstaafu: Kabla ya kuuliza ladha, uliza mwinuko. Chulebuni hupenda ubaridi na mvua, hivyo huwasumbua zaidi walioko juu. Kutu ya majani huwaelemea walioko chini kwenye joto. Kwa mita 1,500 uko palepale chulebuni inapostawi, na kwa sababu hiyo naunga mkono chotara za Lyamungu, yaani hizo za TaCRI, ambazo zina kinga ya magonjwa yote mawili. Kwa kuwa unalima na migomba, chagua zile ndefu. Fupi nazipendelea katika shamba la kahawa pekee, lenye jua la kutosha. Kinga hiyo haihusu wadudu, kwa hiyo bungua, mdudu anayetoboa mashina, utaendelea kumtafuta shina kwa shina.

Tena, usiing'oe mibuni yote. Kata mashina ya zamani, yaache yachipue, kisha bebesha, yaani unganisha, kikonyo (kipande cha chipukizi) cha aina mpya juu ya chipukizi hilo. Mizizi ya mzee wako imekwisha kushika ardhi, nawe utavuna mapema kuliko kwa mche mchanga.

Mama Kahawa, Mbinga: Nakubaliana na Bwana Shamba kuhusu kinga, ila niongeze jambo ambalo rafiki wa Nyeri hakulitaja. Kama kahawa yako mbivu inakobolewa pamoja na ya wanachama wengine wa chama cha ushirika, hata ukiwa na SL28 safi itachanganywa na ya jirani, na utalipwa bei ya wote. Jina la aina humfaidi anayeweza kukoboa, kukausha na kuuza peke yake. Mimi nilihamia chotara, na nilichojifunza kwa gharama ni kwamba huzaa sana na hula sana: mwaka niliopunguza samadi matawi yalikauka kutoka nchani, na msimu uliofuata sikupata kitu.

Mrithi wa Kihamba: Asanteni sana. Kahawa yangu inakobolewa kwenye chama, hivyo hoja ya Mama Kahawa imenigusa. Je, nikibebesha mibuni mia moja kila mwaka, N39 iliyobaki haitaambukiza ile mipya?

Bwana Shamba Mstaafu: Vimelea vitaifikia, lakini mbuni wenye kinga hautaoza matunda kwa kiwango cha N39. Anza na safu zilizoathirika zaidi, na kila mwaka ondoa matunda yaliyokauka mtini kabla ya maua, kwa sababu ugonjwa hujificha humo. Ile KP423 ya pembezoni, kama haiugui sana, iache.