Mrejesho: vidole vyangu na baridi ya Njombe

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa sita niliuliza kama vidonge vya mafuta ya samaki vitasaidia vidole vyangu, ambavyo hugeuka vyeupe kama chaki nikishika tu ndoo ya maji alfajiri. Nilivimeza wiki sita, sikuona tofauti.

Daktari amesema ni tatizo la Raynaud: mishipa midogo ya damu hujibana kupita kiasi ikipata baridi. Kanipa nifedipine, dawa ya kulegeza mishipa ya damu, na sasa weupe hauchukui muda, vidole vinarudi vyekundu vikichomachoma. Ginkgo, ile dawa ya mimea mliyonishauri, nimeiacha, maana natumia aspirini na zikichanganyika damu ingeweza kutoka ovyo. Glavu za sufu navaa kabla sijatoka nje. Dada uliyenisukuma niende hospitali, asante sana.