MREJESHO: Adapta ya DAC nimeiweka pembeni, sasa natumia pawasaplai ya transfoma

Wakuu, niliuliza kama ule mlio mwembamba kama wa mbu kwenye spika unatoka kwenye adapta ya 12V ya DAC (kifaa kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi), na kama pawasaplai ya transfoma ingesaidia. Asanteni kwa majibu.

Fundi kanifungia transfoma ya duara ya 15V, briji ya dayodi (inageuza AC kuwa DC), kapasita ya 4700 µF ya kulainisha umeme na regulata ya 7812, inayoushikilia kwenye 12V. Kwa nini 15 na si 12? Jioni umeme ukishuka hadi 190V, transfoma ya 12V inabakiza kama 12.6V baada ya briji, wakati 7812 inataka zaidi ya 14 ndiyo itoe 12 iliyotulia. Ya 15V inavuka hapo vizuri tu. Ubaya wake ni joto: volti zote za ziada zinaishia kwenye regulata, kwa hiyo hitisinki (bati la kupozea) ni lazima. Yangu ukiigusa baada ya saa moja unatoa kidole mwenyewe.

Kabla ya kuchomeka tulipima na malitimita: 12.02V, chanya katikati. Msiruke hapo, maana plagi hufanana na pole zikawa kinyume.

Mlio umekwisha kabisa. Muungurumo mzito, ule wa chini, ulibaki palepale mpaka nilipochomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Kumbe ni lupu ya ethi (vifaa vilivyounganishwa vikiwa na njia zaidi ya moja ya ethi), na hiyo hakuna pawasaplai ya kuitibu, hata ya bei gani. Wanaosema pawasaplai ya transfoma inaongeza besi, mimi sijaisikia bado.