Carnival of Sound ya Jan & Dean: ni albamu yao kweli, au jina tu?

Kanda_Mbili: Wakuu, heshima kwenu. Nawafahamu Jan Berry na Dean Torrence kwa zile nyimbo za ufukweni na magari, "Surf City" na wenzake. Juzi nimekutana na Carnival of Sound, nikasoma kwamba ilirekodiwa baada ya ajali ya Jan, ikawekwa kabatini, ikatoka 2010. Mtu mmoja ananiambia nisipoteze muda kwa sababu Jan mwenyewe haimbi humo. Sasa hiyo ni albamu ya nani?

MzeeWaSanturi: Karibu, kijana. Huyo aliyekwambia hivyo muulize nani anaimba ile sauti nyembamba ya juu kwenye "The Little Old Lady from Pasadena" ya 1964. Atakwambia Dean. Siye, ni P.F. Sloan, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo. Na kwenye "Surf City", iliyoshika namba moja Marekani mwaka 1963, Brian Wilson wa bendi ya Beach Boys yumo, tena ameshiriki kuutunga. Dean naye akalipa fadhila: sauti inayoongoza "Barbara Ann" ya Beach Boys ni yake pia. Kwa hiyo hoja ya "haimbi humo" mimi huwa siipi uzito. Hawa jamaa waliazimana sauti tangu wakiwa kileleni.

Kazi ya Jan ilikuwa kupanga muziki. Sikiliza "Dead Man's Curve" kwa spika nzuri: honi, matairi yanalia, gari linavunjika, na chini yake ngoma nzito. Jan alipenda kuweka wapiga ngoma wawili studio kwa wakati mmoja, Hal Blaine na Earl Palmer, na nota za wanamuziki aliziandika mwenyewe. Haya yote huku akisomea udaktari!

Tarehe 12 Aprili 1966, gari lake aina ya Corvette likagonga lori lililoegeshwa huko Beverly Hills. Ubongo ukaumia, upande wa kulia ukapooza, na maneno yakawa hayamtoki. Dean hakukaa bure, akatengeneza Save for a Rainy Day, nyimbo za mvua mwanzo mwisho, bila Jan. (Watu wa ufukweni kuimba mvua! Lakini ni nzuri.) Jan naye alipopata nguvu kidogo akarudi studio chini ya Warner Bros., na huko ndiko ilikotokea Carnival of Sound. Alichokuwa nacho bado ni sikio. Waimbaji wakatafutwa, Dean naye akachangia, zikatoka singo chache 1967 na 1968, hazikwenda popote. Albamu ikabaki kwenye kanda zaidi ya miaka 40, hadi kampuni ya Rhino Handmade walipoitoa. Jan alikuwa ameshafariki, 2004.

Kwangu hiyo ni albamu ya Jan kuliko nyingi zilizobeba jina lake.

Besi_Nzito: Mzee nakuheshimu, ila tusiipambe. Kuna nyimbo humo zinakwenda pande tatu kwa mpigo, mpangilio umejaa mpaka mwimbaji anazama. Kama kampuni ilisita kuitoa 1968, mimi siwalaumu sana.

MzeeWaSanturi: Zimejaa, sikatai. "Laurel & Hardy" inakuchosha kabla haijafika katikati. Lakini nenda "Louisiana Man", usikilize vyombo tu, waimbaji waache kwanza. Mtu aliyekuwa anahangaika kutamka sentensi moja ndiye aliyeuongoza mziki ule.

Kanda_Mbili: Shukrani wakuu. Humo kuna miksi za mono (sauti yote njia moja) na za stereo (sauti imegawanywa kushoto na kulia). Nianze na ipi?

MzeeWaSanturi: Mono. Redio za wakati ule zilikuwa mono, na hao jamaa walizoea kuchanganya kwa ajili ya redio. Stereo utaitaka baadaye, ukitaka kujua chombo gani kimekaa wapi.

Besi_Nzito: Kwenye mono tuko pamoja, mzee.