Kikundi cha nyumbani: dawa ya Babu na mbaazi

Khadija: Asalaam alaykum jamani. Babu nimempa dawa yake ya Parkinson saa moja na mahamri yake, mbaazi za nazi na chai ya maziwa, sasa ni saa tatu na nusu hata kifungo cha kanzu hawezi kufunga, mkono watetemeka na miguu imeganda hapo mlangoni. Hino dawa imeisha nguvu au?

Ami Saidi: Waalaykum salaam. Muongezeni kimoja

Zuhura: La Ami tafadhali msimuongeze!! Dawa haina neno, ni mbaazi. Nilivyompeleka kliniki nilimuuliza daktari mpaka nikaelewa. Kwenye ubongo kuna seli zatengeneza dopamini, ndo hiyo yafanya mwili uende vile mtu ataka, sasa za Babu nyingi zishakufa. Na dopamini yenyewe ukimpa haipiti kuingia ubongoni, ndo mana wampa levodopa, hiyo yapita, ikifika kule yageuzwa kuwa dopamini

Khadija: Na mbaazi zaingiaje hapo

Zuhura: Protini dada. Mbaazi, samaki, nyama, maziwa, zikishasagwa zapitia mlango ule ule wa levodopa, kwenye utumbo na hata pale pa kuingia ubongoni. Ni kama feri ya Likoni jioni watu wakitoka kazini, dawa yasukumwa nyuma. Mpe na maji matupu nusu saa kabla ya kula, au akishakula ngoja saa nzima. Mbaazi zake msimnyime lkn

Shangazi Mwanaisha: Mbona kidonge kimoja chaandikwa dawa mbili

Zuhura: Ya pili ni kabidopa shangazi. Hiyo yabaki nje ya ubongo, yazuia levodopa isigeuzwe njiani, mana ikigeuzwa huko mtu ashikwa na kichefuchefu na kichwani yafika kidogo sana

Ami Saidi: Kumbe. Na ile siku alotapika, tukanunua ya kuzuia kutapika dukani, akazidi kukakamaa?

Zuhura: Ile ilikuwa metoklopramaidi, yaziba pale pale dopamini yafanyia kazi. Asipewe tena wallahi. Na saa zake zifuatwe, levodopa haikai, kwa saa moja na nusu hivi nusu ishatoka damuni. Zikikaribia kwisha semeni hapa tuchange, kuacha ghafla ni hatari

Khadija: Sawa

(kesho yake)

Khadija: Leo nimempa saa kumi na mbili na nusu na maji, mbaazi saa moja na robo. Kafunga vifungo mwenyewe, hata kile cha shingoni