Descartes: Tafakuri ya tatu imenikwamisha

Mgeni_Darasani
Wakuu, habari. Nimeanza kozi ya falsafa ya Ulaya ya karne ya 17 na 18, tunasoma Tafakuri za Descartes (1641). Ya kwanza na ya pili zinapita. Ya tatu, kwenye hoja ya kuwa Mungu yupo, natoka kapa. Anasema chanzo cha wazo lazima kiwe na uhalisia usiopungua ule uliomo "kiobjektivu" ndani ya wazo. Wazo lina uhalisia gani zaidi ya kuwa kichwani? Nianze na vitabu vya ufafanuzi?

Kobe
Kinachokukwamisha ni neno moja. Siku hizi "kiobjektivu" ni kitu kilivyo huko nje, apende asipende anayekitazama. Descartes alilirithi kwa wanaskolastiki (wanafalsafa wa vyuo vya Ulaya ya zama za kati), na kwao ni karibu kinyume: kitu kilivyo ndani ya wazo, yaani kile wazo linachokiwakilisha.

Halafu kuna ngazi tatu za uhalisia. Chini kabisa hali za kitu, kama umbo au mwendo. Juu yake dhati (kitu chenyewe chenye hali hizo) yenye mipaka, kama jiwe au mtu. Kileleni dhati isiyo na mipaka, yaani Mungu. Mawazo yote, kwa kuwa ni mawazo tu, yako sawa. Yanapishana kwa yanachokiwakilisha. Alipobanwa alitoa mfano wa mtu mwenye wazo la mashine tata mno: ameitoa wapi? Ameiona mahali, amesomea ufundi, au ana akili kali ajabu. Kitu lazima kieleze ule utata. Basi wazo la kisicho na mipaka, mimi mwenye mipaka nimelitoa wapi?

Ukitaka kumpinga, shika kanuni yenyewe ya chanzo na tokeo. "Mimi siamini Mungu" si pingamizi, na msahihishaji hatakupa alama.

Bahari_Tulivu
Ufafanuzi uache kwanza. Soma mara moja bila kusimama; mara ya pili weka namba pembeni kwa kila dai, ukitenga dhana tangulizi na hitimisho; mara ya tatu soma pamoja na Pingamizi na Majibu, yaani pingamizi za wasomi wengine na majibu ya Descartes. Mafungu sita yalitoka na toleo la 1641, la saba 1642. Anza na la nne, la mwanateolojia Mfaransa Arnauld, anayemshtaki hivi: tunaamini tunayoyaona wazi na bayana kwa sababu Mungu yupo, lakini kuwepo kwake kumethibitishwa kwa kuyaamini hayo hayo. Duara.

Na tahadhari ya insha: "Nafikiri, kwa hiyo nipo" haimo kwenye Tafakuri! Imo kwenye vitabu vyake vya 1637 na 1644. Tafakuri ya pili inasema tu "mimi nipo". Nukuu kwa namba za Adam na Tannery (wahariri wa toleo la kazi zake, kwa kifupi AT) zilizo pembeni mwa tafsiri nzuri (hoja yako iko AT VII 40 na kuendelea), kwani kurasa za kila chapa hutofautiana.

Mgeni_Darasani
Ahsanteni sana. Na roho isiyo mwili, inausukumaje mwili?

Kobe
Ndilo swali ambalo binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia Descartes, Mei 1643. Soma barua zao, kisha tasnifu ya mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim, Ghana ya leo, aliyoitetea Wittenberg 1734. Anadai kuhisi ni kwa mwili, si kwa roho, na anambana Descartes kwa maneno ya barua hizo hizo.