Naomba ushauri: sarafu za dhahabu za Israeli zenye visa vya Biblia

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu sarafu za dhahabu za mfululizo wa sanaa ya Biblia zinazotolewa na Benki ya Israeli, hasa ile ya kugawanyika kwa Bahari ya Shamu (2008) na ya Danieli katika tundu la simba (2012), ambazo kwangu michoro yake ndiyo yenye uhai zaidi. Za shekeli 10 ni za karati 22 na zina gramu 16.96, ilhali ndogo za shekeli 1 zina gramu 1.24 tu. Je, kwa mwenye kipato cha kawaida, ni busara kukusanya visa vingi kwa sarafu ndogo, au kuweka akiba hadi nipate moja kubwa yenye cheti chake? Na muuzaji akiwa mbali, nidai uthibitisho gani kabla ya kulipa?