Digrii ya haki jinai (criminal justice, yaani masomo ya polisi, mahakama na magereza) Marekani, inalipa au unajibebesha deni tu?

Wakuu karibuni, ila kwa hoja, matusi tuache pembeni. Mi naona watu kibao wanaingia kwenye hii digrii sababu wameona wapelelezi kwenye tivii, halafu hakuna anayewaambia kwamba idara nyingi za polisi kule zinataka cheti cha sekondari tu, ukishapita usaili na mbio na kuchimbwa historia yako wanakupeleka akademi wanakufundisha upya kila kitu, silaha, ukamataji, ripoti, uwe na digrii usiwe nayo. Sasa miaka minne ya ada ilikuwa ya nini?

FBI, wale wapelelezi wa serikali kuu, ndo kabisa. Kuwa ajenti wanataka digrii kweli, ila ya chochote, na juu yake uwe umefanya kazi miaka miwili hivi na umri 23 mpaka 36, kwa hiyo mhasibu au mtu wa kompyuta anakupita hivihivi. Maabara za DNA wanataka bailojia na kemia. Ukitaka uwakili, vyuo vya sheria navyo vinapokea digrii yoyote.

>> Mkuu umemuongelea anayeanza tu, kupanda cheo je? Kuna idara hupandi bila masomo ya chuo, nyingine zinakuongezea mshahara kabisa. Na probesheni (kazi ya kusimamia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya jela) mara nyingi bila digrii hawakuangalii. Hii kitu siyo ya jana, tume ya Rais Johnson mwaka 1967 ilishasema lengo liwe polisi wote wawe na digrii, na sheria ya 1968 ikaleta hela za serikali kuu za kuwasomesha.

>> Na hizo hela ndo zilizoharibu! Vyuo vilifungua programu fasta fasta kuzifuata, miaka ya 70 malalamiko ya ubora yakawa mengi.

>> Probesheni nakubali, hiyo umenipiga (ingawa hata wao mtu wa saikolojia au sosholojia wanamchukua). Ila cheo mara nyingi wanaangalia kama una digrii, hawaangalii ya nini. Mimi ningesoma uhasibu au takwimu, haki jinai nichukue kozi chache pembeni, goti likiumia au ukichoka upolisi bado una kazi ya kuombea. Mwenye kumjua mtu aliyekosa ajira sababu digrii yake haikuwa ya haki jinai aje aseme hapa.